Mgonjwa haulizwi uji, lakini uji wenyewe uko wapi?

WAHENGA walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mtu aliyelemewa na maradhi hafai kuulizwa iwapo anataka kula. Apikiwe na aletewe. Walioitunga methali hiyo hawakuwazia siku ambayo mgonjwa angepewa dawa za kila aina, nyingine bila malipo, kisha akose uji wa kumezea.

Siku hiyo ilikwisha kufika katika vyumba vya kupanga vya wadi ya Shieywe, eneobunge la Lurambi mjini Kakamega, kama ilivyofika katika mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini nchini.

Ni hali inayofahamika kwa wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Mgonjwa humeza vidonge vinne, vitano au zaidi alfajiri kabla ya kwenda kutafuta kibarua, tumboni mkiwa na maji matupu au kikombe cha chai ya strungi. Muda si mrefu mate humjaa kinywani, kichwa humzunguka na kichefuchefu humpanda. Wengine hutapika. Wengine hustahimili hadi adhuhuri. Na wapo ambao, baada ya majuma kadhaa ya mateso hayo, huamua kimyakimya kuviacha vidonge kwenye kikopo.

Uamuzi huo wa mwisho ndio kiini cha tatizo. Kichefuchefu chenyewe mara nyingi si ugonjwa wa kuua. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dawa katikati huwaambukiza wa nyumbani kwake na huenda akazua viini sugu. Mwenye virusi vya HIV hurudi alikotoka, na mwenye kisukari hupoteza miguu au macho pole pole. Katika ripoti yake ya mwaka 2003 kuhusu matibabu ya muda mrefu, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hata katika nchi zilizostawi, ni nusu tu ya wagonjwa wanaofuata maagizo ya dawa ipasavyo. Kama mwenye jokofu lililojaa hushindwa, mwenye sufuria tupu afanyeje?

Kuelewa kinachotokea mwilini kunasaidia kuondoa dhana kwamba mgonjwa anayelalamika ni mdekaji. Dawa ikifika kwenye tumbo tupu, huugusa utando wa ndani moja kwa moja. Nyingine hufyonzwa kwa kasi na kuingia katika damu kwa wingi kwa muda mfupi. Ubongo nao una sehemu inayopima kemikali zilizomo katika damu. Ikihisi kisicho cha kawaida, hutoa amri ya kutapika kana kwamba mtu amekula sumu. Vidonge vikiwa vya aina nne au tano, kila kimoja huongeza chake. Chakula hupunguza kasi hiyo na kuukinga utando.

Chukua mfano wa mtu mzima wa uzani wa wastani aliye na kifua kikuu pamoja na virusi vya HIV, hali ambayo si adimu magharibi mwa Kenya. Kwa miezi miwili ya kwanza humeza vidonge vitatu au vinne vya mchanganyiko wa dawa nne za kifua kikuu kila siku. Juu yake kuna kidonge cha ARV, kidonge cha ziada cha dolutegravir kwa sababu rifampicin hupunguza nguvu za dawa hiyo, kidonge cha Septrin cha kuzuia maambukizi mengine, na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu. Hivyo ni vidonge saba au vinane kwa siku, kabla hajahesabu cha homa wala cha maumivu.

Tatizo huzidi kuwa gumu kwa sababu dawa hazina sheria moja. Rifampicin na isoniazid hufyonzwa vyema zaidi tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada yake. Hata hivyo, mgonjwa anayeshindwa kuzistahimili huruhusiwa kuzimeza na chakula chepesi, kwa kuwa dawa iliyopungua nguvu kidogo ni bora kuliko dawa iliyotapikwa. Metformin ya kisukari humezwa pamoja na chakula, la sivyo huchafua tumbo na kuleta kuhara. Dawa nyingine ya kisukari, glibenclamide, ni ya hatari zaidi: mgonjwa akiimeza asile, sukari ya damu hushuka na anaweza kuzirai akiwa juu ya bodaboda.

Dawa za maumivu kama vile diclofenac na ibuprofen, ambazo wazee wenye magoti mabovu hujinunulia dukani kana kwamba ni peremende, hudhoofisha kinga ya tumbo na huweza kuleta vidonda vinavyovuja damu. Chakula hupunguza uchungu wake lakini hakiondoi hatari hiyo kabisa. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito huleta kichefuchefu, na chai ambayo wengi huvimezea huzuia madini hayo kufyonzwa. Dawa ya malaria ya AL, ambayo Kenya iliichagua kuwa ya kwanza katika tiba mwaka 2004, huhitaji chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vizuri. Dawa nyingi za shinikizo la damu, kwa upande wake, hazijali kama mtu amekula au hajala.

Sasa mwazie nyanya wa miaka 65 anayetoka kliniki akiwa na bahasha tano, kila moja imeandikwa kwa kalamu tarakimu za "1x2" au "2x3". Muuguzi aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni amemwambia ameze baada ya kula. Maagizo hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba nyumbani kwake kuna kiamshakinywa, chamcha na chajio. Kama hula mara moja tu, jioni, basi ana njia tatu: ameze zote jioni kwa mkupuo, ameze asubuhi na kuteseka, au asimeze. Mgonjwa aliyeambiwa "baada ya kula" naye hakula, kwa kweli hajapewa maagizo yoyote.

Njaa ya mjini ina sura yake. Shieywe ni sehemu ya mji. Wapangaji wengi hawana shamba la kuchuma mrenda wala kuchimbua viazi vitamu alfajiri. Unga, mkaa, mboga na maji hununuliwa, na mapato ya mchuuzi, mfua nguo au mwendeshaji bodaboda hutegemea siku ilivyoamka. Hata jamaa walio mashambani hawawezi kusaidia wakati wote. Mahindi hupandwa mvua ya masika inapoanza mwezi Machi na huvunwa kuanzia Agosti, kwa hiyo miezi ya katikati huwa ya ghala tupu. Kuporomoka kwa kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 baada ya kuyumba kwa miaka mingi, kulizinyima familia nyingi za kaunti hii fedha za miwa zilizokuwa zikiziba pengo hilo.

Hili si jambo jipya kwa eneo la magharibi. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, vilianzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu waathiriwa wa Ukimwi. Haukupita muda kabla ya madaktari wake, akiwemo Dkt Joe Mamlin, kutambua kuwa wagonjwa waliokonda hawangepona kwa vidonge pekee. Mpango huo ulianza kulima mashamba yake na kuwapa wagonjwa mboga, mayai na maziwa kwa cheti kilichoandikwa kliniki kama inavyoandikwa dawa. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilichangia nafaka, kunde na mafuta.

Katikati ya miaka ya 2000 serikali nayo, kwa msaada wa Marekani, ilianza kutoa unga wa uji ulioongezwa virutubishi katika kliniki za Ukimwi kwa wagonjwa waliodhoofika. Msingi wa mipango hiyo ulikuwa mmoja: chakula ni sehemu ya tiba, si sadaka inayokuja baada ya tiba.

Wazo hilo lilififia kwa sababu mbili. Kwanza, dawa zenyewe ziliboreka. Vidonge vya ARV vya zamani vilivyomezwa mara mbili kwa siku vilibadilishwa na kidonge kimoja chenye dolutegravir, ambacho Kenya ilianza kukisambaza kwa wingi kuanzia mwaka 2018, na ambacho humezwa mtu awe amekula au hajala. Pili, wafadhili walichoka kulisha. Chakula ni kizito, huoza, huibwa, na hakina kikomo cha wazi.

Kilichosahaulika ni kwamba mgonjwa naye alibadilika. Aliyeanza ARV akiwa na miaka 35 mwaka 2005 sasa amevuka umri wa miaka 50. Kidonge chake kimoja kimepata majirani: cha shinikizo la damu, cha kisukari, cha viungo. Idadi ya dawa ambayo sayansi iliipunguza kwa mkono mmoja, uzee umeirejesha kwa mkono wa pili.

Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya kigeni ya Marekani mnamo Januari 20, 2025, na USAID kukoma kuendesha misaada hiyo Julai 1 mwaka huo, mjadala nchini ulijikita katika swali la iwapo vidonge vingepatikana. Lilikuwa swali la haki. Hata hivyo, kidonge kilichopatikana na kisichomezeka ni hasara ile ile. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, inahusu matibabu; haihusu unga.

Kisheria, serikali haina mahali pa kujificha. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutokuwa na njaa. Walioandika Katiba waliziweka haki hizo pamoja. Aliyezitenganisha ni mwandalizi wa bajeti, anayeweka dawa katika idara moja na chakula katika nyingine.

Watetezi wa hazina watasema kaunti haiwezi kumlisha kila mgonjwa, na wana hoja. Lakini Kakamega yenyewe ina ushahidi kwamba msaada mdogo uliolengwa unawezekana. Mwaka 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti ilianzisha mpango wa kuwalipa kina mama wasiojiweza Sh2,000 kwa awamu sita, jumla Sh12,000, kwa sharti la kuhudhuria kliniki tangu ujauzito hadi mtoto apate chanjo. Kaunti iliyoweza kuunganisha fedha na chanjo inaweza kuunganisha unga na kifua kikuu. Tiba ya kawaida ya ugonjwa huo ni miezi sita. Ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Gharama ya uji kwa miezi miwili ya kwanza iliyo migumu haikaribii gharama ya kumtibu mtu aliyepata viini sugu.

Mengine hayahitaji hata bajeti mpya. Dirisha la dawa linaweza kuuliza swali moja: "Huwa unakula mara ngapi, na saa ngapi?" Kisha ratiba ipangwe kuzunguka jibu hilo. Nyingi ya dawa za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa wakati wa mlo wa jioni, na mfamasia anajua ni zipi zisizoweza. Dawa zinazotibu kitu kimoja mara mbili, kwa kuwa ziliandikwa na kliniki mbili, zinaweza kuondolewa. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao Rais William Ruto aliwazindua rasmi Septemba 25, 2023, huingia katika nyumba ambamo daktari hafiki. Wao ndio wanaoweza kuona kikopo kilichojaa na sufuria iliyopinduliwa.

Kwa mgonjwa, ushauri wa wataalamu haubadiliki: asiache dawa wala kupunguza vidonge kwa uamuzi wake. Arudi kliniki aeleze ukweli, hata ukweli huo ukiwa ni kwamba hakuna chakula. Atakayetapika muda mfupi baada ya kumeza aulize kama anafaa kurudia. Anayetumia glibenclamide asiimeze siku ambayo hana hakika ya kula kabla ya kuuliza. Na kichefuchefu kikiandamana na macho kuwa manjano, mkojo mweusi au maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, si suala la njaa tena. Ini huenda linadhurika, na ni lazima afike hospitalini siku hiyo hiyo.

Lakini kusema ukweli huo mbele ya muuguzi si rahisi. Mtu mzima huona haya kukiri kuwa jana hakupika. Ni afadhali aseme dawa zinamkataa. Naye muuguzi akiandika katika faili kwamba dawa zimemkataa, huongeza kidonge kingine cha kuzuia kutapika, na mzigo wa asubuhi unakuwa mkubwa zaidi.

Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, husema Waswahili. Njaa hulegeza viungo; hulegeza pia azma ya mtu kutaka kupona. Kaunti inayohesabu vidonge ilivyovitoa bila kuuliza vingapi vilikaa tumboni inahesabu nusu ya kazi yake.