Viumbe vya Karatasi na Maji ya Dawa



Tumepokea malalamiko juu ya wenzenu wachache wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu uliotolewa Marekani mwaka 1974. Ndani yake mchawi wa hadithi huita viumbe: mbwa mwitu, roho za moto, roho za maji. Wazazi kadhaa wanataka madaftari hayo yachomwe. Sisi hatukubali.

Katekisimu, namba 2116 na 2117, yakataza kweli kumwendea Shetani, kuita wafu na kutafuta nguvu za siri; yakemea hata kuvaa hirizi. Lakini anayetupa dadu hamwombi yeyote: anasimulia, na wote mezani wanajua ni masimulizi. Kanuni zenyewe tumezisoma (katekista asihukumu kitabu asichokifungua). Toleo la mwaka 2014 lasema kwamba aliyeita roho ya moto sharti aikazie fikira. Akivurugwa, roho haitoweki, bali yaweza kumgeukia yeye na wenzake, wala hawezi tena kuifukuza. Hiyo ni kanuni ya haki: mwitaji ndiye anayelipa.

Kuna wito mwingine ambao huku Beni na Butembo hauchezwi mezani. Kijana hunyunyiziwa maji, akaambiwa risasi zitageuka maji, mradi ashike miiko: asiibe, asimguse mwanamke. Ahadi hiyo ni kuukuu. Kinjikitile aliitoa Ngarambe, Tanganyika, kabla ya vita vya 1905, na watu wakafa kwa maelfu mbele ya bunduki za Wajerumani. Simba waliirudia hapa Kongo mwaka 1964. Jina Mai-Mai latoka humo humo.

Tazameni ujanja wake. Kijana akirudi mzima, dawa imefaulu. Akifa, alivunja mwiko. Mganga hashindwi kamwe. Tumeketi matangani tukasikia mama akiulizwa mwanawe alikosea wapi, kana kwamba risasi ilikuwa adhabu.

Twajua kwa nini wengi huenda. Tangu mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014, vijana wameona wazazi wao wakichinjwa mashambani bila mtetezi. Hasira yao si uwongo. Uwongo ni yale maji.

Basi wazazi wanaotaka kuchoma madaftari tunawauliza: ile chupa iliyofichwa chini ya kitanda cha mwanenu, mmeuliza imetoka kwa nani?