Tuufundishe Ujumbe Kabla ya Mashine

Katika ufundishaji wa sayansi yapo mazoea ya kumtajia mtoto jina la chombo kigeni, kisha kumwamuru anakili maana yake daftarini. Mazoea hayo hayafai. Sisi twaamini kwamba chombo cha kisasa hueleweka vema zaidi mtoto aigizapo kazi yake. Tuchukue mfano wa kisomaji cha lebo za RFID, yaani lebo zitambulikanazo kwa mawimbi ya redio, na jinsi kinavyowasiliana na kompyuta.

Lebo hizo zimo katika kadi za kufungulia milango, katika vitabu vya maktaba na katika hereni za mifugo. Nyingi hazina betri: zikikaribia kisomaji hupata nguvu kutoka kwenye antena yake, nazo hurudisha namba zao. Kisha kisomaji huipelekea kompyuta namba hiyo kwa waya, biti moja baada ya nyingine, mfano wa watu wapitao katika njia nyembamba. Biti ni alama ndogo kabisa, 0 au 1.

Ili ujumbe ufahamike, pande mbili hazina budi kuafikiana mapema. Kwanza, mwendo: mara nyingi ni biti 9,600 kwa sekunde. Pili, mwanzo na mwisho. Waya uliotulia huhesabiwa kuwa 1. Ikija 0, hiyo ni hodi. Hufuata biti 8 za herufi, kisha 1 ya kufunga. Hivyo herufi moja huchukua biti 10, na ujumbe wa herufi 16, kama utumwao na baadhi ya visomaji, hupita katika sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kanuni mashuhuri za mawasiliano ya namna hii, ziitwazo RS-232, zilitolewa Marekani mwaka 1960.

Lakini ujumbe waweza kuharibika njiani. Kwa hiyo mara nyingi huongezwa alama ya ukaguzi. Somo hili halihitaji umeme. Wanafunzi 8 wasimame mstari, kila mmoja ameshika kadi yenye 0 upande mmoja na 1 upande wa pili. Wa 9 ahesabu kadi zinazoonyesha 1: zikiwa witiri aonyeshe 1, zikiwa shufwa aonyeshe 0, ili jumla iwe shufwa daima. Mwanafunzi mwingine atoke nje, na mwalimu ageuze kadi moja. Akirudi na kuhesabu, atatambua mara moja kwamba pana kosa. Kisha zigeuzwe kadi mbili. Safari hii hesabu itakubali, ingawa ujumbe ni mbovu! Ndiyo maana aina moja ya lebo iliyoenea sana hupanga biti zake kwa safu za ulalo na za wima, na kuzikagua pande zote mbili.

Wako watakaosema kwamba mchezo huu unakula kipindi. Sisi twasema kipindi hupotea pale mtoto anapokariri asichokielewa. Aliyeona kadi mbili zikiidanganya hesabu hataamini tena kwamba kila kinachoonyeshwa na mashine ni kweli, atauliza kimekaguliwaje. Swali hilo atalihitaji maishani kuliko jina la chombo chochote.

Nasi walimu tujipime kwa kanuni hiyo hiyo. Tunapouliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyo!", tumepokea ujumbe usio na alama ya ukaguzi. Kompyuta iliyopangwa vema hukokotoa upya, na hesabu isipolingana hukataa. Yatupasa nasi tumpe mtoto kadi, tumwombe atuonyeshe, kisha ndipo tuendelee na somo.