Mgonjwa ni mmoja, asigawanywe

Mgonjwa wa kifafa anapofika kliniki kuchukua vidonge vyake vya mwezi, aghalabu huulizwa swali moja tu: ameanguka mara ngapi tangu alipokuja mara ya mwisho? Akijibu, kadi huandikwa, vidonge huhesabiwa, na mwingine huitwa. Ni nadra kuulizwa kama anapata usingizi, kama bado anakula pamoja na wenzake, au kama amepata kuwaza kujiua. Ajabu ni kwamba katika hospitali nyingi za wilaya kifafa hutibiwa kwenye kliniki ile ile ya afya ya akili. Hata hapo, habari ya akili ya mgonjwa huyu haiulizwi.

Hilo ni kosa, na linagharimu maisha ya watu. Mwenye kifafa yumo katika hatari ya kupatwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyomtoka mtu, kuliko jirani yake asiye na kifafa. Sababu moja imo katika ubongo wenyewe, kwani ubongo unaomwangusha ndio huo huo unaoendesha furaha na majonzi yake. Sababu ya pili huweza kuwa dawa: fenobabitoni, iliyo rahisi na ambayo imewaokoa wengi, huwalegeza baadhi ya watumiaji na kuwatia unyonge. Sababu ya tatu ni sisi kwa sisi, yaani jamii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga. Wagonjwa aliowakuta walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa walianguka mekoni na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa, wasije wakaambukizwa kwa mate au povu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu. Lakini kwa hofu hiyo watu wazima walitengwa hata kwenye chakula. Vidonge vilipoanza kutumika, kuanguka kulipungua; makovu, na upweke uliojengeka kwa miaka, havikuondolewa na kidonge. Nani basi atashangaa kwamba mtu aliyetengwa hivyo huugua na moyo pia?

Upande wa pili wa jambo hili ni mbaya zaidi, na husemwa kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao huuawa na maradhi ya kawaida ya mwili: moyo, kisukari, maradhi ya mapafu. Akikohoa wiki tatu, husemwa ni vituko vyake. Akilalamika kiu isiyokwisha, hudhaniwa anaweweseka, ilhali baadhi ya dawa za akili anazopewa humwongezea uzito na kupandisha sukari mwilini. Maelezo yake hayaaminiwi kwa sababu faili lake lina neno moja lililoandikwa juu.

Wananchi wenyewe hawakuyatenga mambo haya. Mtu akianza kupayuka kwa homa, husemwa malaria imempanda kichwani, naye hukimbizwa hospitali badala ya kufungwa kamba. Kilichotenga ni utaratibu wa huduma uliorithiwa, ambamo mwili ulikuwa na hospitali zake na akili ikapelekwa mbali, Mirembe, Dodoma, katika hospitali iliyojengwa wakati wa utawala wa Mwingereza. Taifa lilianza kurekebisha hali hiyo katika miaka ya 1980, mpango wa afya ya akili ulipoanzishwa Morogoro na Kilimanjaro ili huduma hiyo itolewe mpaka kwenye zahanati. Nia ilikuwa sahihi. Mahali pengi, hata hivyo, kilichoteremka ni dirisha jingine tu ndani ya jengo lile lile.

Watendaji watasema kwamba muuguzi mmoja mwenye foleni ya watu mia hawezi kuongezewa kazi. Hoja hiyo ina uzito na isipuuzwe. Lakini maswali ya kuanzia ni mawili: je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Zimbabwe, nchi isiyo na utajiri wa wataalamu, ilianza mwaka 2006 chini ya daktari Dixon Chibanda kuwafunza mabibi wa mitaa ya Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na sehemu kubwa ya wagonjwa hao waliishi na virusi vya Ukimwi.

Walimu nao wanahusika. Mwanafunzi aliyeanguka darasani akirudishwa nyumbani “mpaka apone” hupewa ugonjwa wa pili siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo afisa anayechelewesha kuagiza dawa za kifafa ajue kwamba kukatizwa ghafla huweza kuleta degedege mfululizo, na huweza kuua.

Yupo mama mwenye kisukari na sonona ambaye huitwa kliniki moja Jumanne na nyingine Alhamisi. Hulipa nauli mara mbili, huacha shamba mara mbili, na mwisho huiacha kliniki moja, kwa kawaida ile ya Alhamisi. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuziunganisha siku hizo mbili kuanzia mwezi ujao, bila kusubiri waraka wa wizara.