Moi alikuwa mbunge miaka 47 na hatuongei kuhusu hiyo

Wasee, wacha niseme hii kitu kwanza, mtanitukana baadaye.

Ukipanda matatu ya Marigat hapa Nakuru, Kabarak ni hapo tu mbele. Mzee Moi alizikwa huko tarehe 12 Februari 2020, na sisi tumezoea kumwita Rais, miaka 24 Ikulu, hadithi imeisha. Lakini kuna hesabu nyingine. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria 1955, wakati wa mkoloni, na hakutoka bungeni mpaka 2002. Miaka 47! (Enzi hizo Rais pia alikuwa lazima awe mbunge wa mahali. Yeye alikuwa wa Baringo ya Kati.)

Na si urefu peke yake unanisumbua. Mwaka wa 1960 huyo huyo Moi alikuwa kati ya walioanzisha KADU, pamoja na Ronald Ngala. Waliogopa jamii ndogo zitamezwa na zile kubwa, ndiyo maana walitaka majimbo. Uhuru ulipokuja KADU ikawa upinzani bungeni, mpaka ikajivunja 1964 na kuingia KANU. Kwa hivyo jamaa alijua vizuri sana maisha ya upande wa wachache. Sasa ruka hadi Juni 1982, yeye ndiye Rais. Bunge linapitisha kifungu cha 2A na Kenya inakuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Kile alichokuwa akifanya akiwa KADU, sasa hakuna mtu mwingine anaruhusiwa. Kifungu kiliondolewa Desemba 1991.

Najua mtaniambia maziwa ya Nyayo. Ni kweli, mathe wangu bado anayasifu. Na Egerton ilikuwa chuo kikuu kamili wakati wake. Lakini maziwa hayajibu swali langu: mtu akizeeka kwa kiti, nani humwambia imetosha? Alipostaafu 2002, Baringo ya Kati ilienda kwa mwanawe Gideon. Bila kupingwa.

Juzi nilimuuliza shosho kuhusu uchaguzi wa 1988, ule wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku, mlikuwa mnapanga foleni nyuma ya mgombea wenu, mchana kweupe, na aliyepita asilimia 70 alikuwa ameshinda hapo hapo. Kura ya siri haingefika.

"Mimi nilisimama kwa laini ya mtu nisiyemtaka," akasema. "Chifu alikuwa hapo anatuangalia. Ungefanya nini wewe?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchambua sukuma wiki yake, kisha akaniuliza kama nimeshajisajili kupiga kura ya 2027.

Ofisi ni nauli ya shilingi hamsini kutoka kwetu. Sijaenda.