Mpokeaji Akirejea na Mguu Usiopona



Kijana wetu mmoja aliyeko masomoni Marekani ameniandikia juma hili, na barua yake haikuhusu masomo hata kidogo. Mpokeaji hodari wa timu ya chuo chake, aliyekuwa nje kwa majuma kadhaa baada ya kuumia, yu karibu kurejea uwanjani. "Padre," aniuliza, "sasa tutafunga kama zamani, au sivyo?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba yategemea. Hapa napenda kulijibu swali lake kwa urefu, maana ndani yake mna jambo ambalo mashabiki, na hata makocha wengine, hulipita mbio: mguu wa kijana mwenye miaka 21 au 22.

Kwa sisi tuliozoea soka, niseme maneno machache. Huu ni mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Kwotabeki ndiye arushaye pasi, na wapokeaji ndio wakimbiao kuzidaka. Walinzi ni 11, wala hawazidi, na hapo ndipo siri yote ilipo. Mpokeaji mwenye mbio kali hukabiliwa na mlinzi wa pembeni, lakini pia mlinzi wa nyuma kabisa hulazimika kukaa mbali, akichelea kupitwa. Mlinzi huyo aliyerudi nyuma kumchunga hawezi wakati uo huo kusogea mbele kumkamata mkimbiaji mwenye mpira mkononi. Kwa hiyo mpokeaji aweza kuisaidia timu yake jioni nzima bila kudaka mpira hata mmoja. Kazi yake kubwa ni hofu anayoitia.

Anayetaka ushahidi na autazame msimu wa 2021 wa Chuo Kikuu cha Alabama. Tarehe 4 Desemba 2021 walikutana na Georgia, timu iliyosifiwa kwa ulinzi mgumu kuliko zote mwaka ule, wakaishinda 41 kwa 24. Jameson Williams alipata yadi 184 siku hiyo, na John Metchie yadi 97 kabla ya kukatika kano ya goti. (Metchie huyu alizaliwa Taiwan na kuishi Ghana utotoni kabla ya kuhamia Kanada, nimtajapo huwa najisikia kama namtaja jirani.) Timu hizo hizo zikakutana tena katika fainali ya taifa, tarehe 10 Januari 2022. Metchie hakuwapo. Katika robo ya pili Williams naye akaumia goti. Wakati wa mapumziko Alabama walikuwa bado mbele, 9 kwa 6, lakini mwisho walilala 33 kwa 18. Kwotabeki Bryce Young, aliyekuwa ametunukiwa tuzo ya Heisman mwezi mmoja tu kabla, alirusha pasi 57, na mbili zikaangukia mikononi mwa adui. Mrushaji alikuwa yule yule na kocha yule yule. Waliokosekana ni wale waliowafanya walinzi wa Georgia warudi nyuma.

Basi mtu atasema: tazama, Padre, umekwisha kujibu, mpokeaji arudishwe upesi! La hasha. Twende mwaka mmoja nyuma ya hapo, chuoni hapo hapo.

Mnamo 2020, Jaylen Waddle alikuwa amedaka mipira 25 katika mechi nne za mwanzo na kupata yadi 557, akiwa mbele hata ya mwenzake DeVonta Smith. Tarehe 24 Oktoba, kule Knoxville, aliupokea mpira wa kuanzia mechi dhidi ya Tennessee, akaangushwa, na kifundo cha mguu kikavunjika. Mchezo wenyewe ulikuwa haujamaliza hata dakika moja. Alifanyiwa upasuaji, na wengi waliamini msimu wake umekwisha.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi, kuliko hata kurejea kwake. Alasiri ile ile Metchie alipata yadi 151. Slade Bolden, ambaye wachache walimjua, akaanza kupewa nafasi. Smith akahamishwa huku na huko uwanjani ili walinzi wasijue atatokea wapi. Mkimbiaji Najee Harris akawa pia mdakaji. Mwalimu wa ushambuliaji, Steve Sarkisian, hakukaa kumngoja aliyelala kitandani. Aliujenga upya mpango wake kwa watu aliokuwa nao. Smith alimaliza msimu na yadi 1,856 na tachidauni 23 za kudaka, akatwaa tuzo ya Heisman, mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991. Nusu fainali waliwaondoa Notre Dame 31 kwa 14, na Smith peke yake alifunga mara tatu. Notre Dame ni chuo cha mapadre wa Msalaba Mtakatifu, ambao wenzao wako Uganda tangu 1958, kwa hiyo mtaelewa nilikuwa upande upi na jinsi nilivyolala mapema usiku ule.

Tarehe 11 Januari 2021, siku 79 baada ya kuvunjika, Waddle alivaa jezi na kuingia katika fainali dhidi ya Ohio State, huko Florida. Kila aliyetazama aliona kwamba mguu haujapona. Alikimbia, akadaka, kisha akainuka akichechemea. Jumla yake usiku huo ilikuwa mipira mitatu na yadi 34. Smith alidaka 12 kwa yadi 215 na kufunga mara tatu, yote kabla ya mapumziko, ambapo Alabama walikuwa wanaongoza 35 kwa 17. Walishinda 52 kwa 24.

Wapo wasemao kwamba hata Waddle aliyechechemea alikuwa chambo kizuri. Siafiki. Walinzi wana macho. Kwa majaribio mawili matatu wanaweza kuamini jina lililoandikwa mgongoni mwa jezi. Baada ya hapo wanaamini miguu. Wakigundua kwamba mpokeaji hawezi tena kuwapita, mlinzi wa nyuma husogea mbele, na timu inabaki na mtu mmoja kati ya 11 asiyemtisha yeyote, aliyekalia nafasi ya mwenzake mzima. Kuna na hatari nyingine, nayo ni ya hesabu ya hatua. Kwotabeki hodari hangoji mpokeaji ageuke ndipo arushe. Huurusha mpira pale atakapokuwapo. Wamezoeana hivyo mazoezini mara mamia. Mpokeaji akichelewa nusu hatua kwa sababu ya kifundo, mpira unafika mahali patupu, au unamkuta mlinzi. Tena nyota akirejea, mrushaji hushawishika kumtafuta yeye kwanza na kuwasahau wale waliobeba mzigo siku zote za ugonjwa wake.

Kwa hiyo nashikilia kwamba Alabama hawakumhitaji Waddle usiku ule, na kwamba kumwacha benchi kungekuwa uamuzi bora. Ujasiri wake naustahi; kijana yule alitaka kucheza na wenzake, na nani asingetaka? Lakini ndiyo sababu uamuzi haupaswi kuwa wa mchezaji peke yake. Kijana wa umri huo atasema "niko tayari" hata akiwa na mfupa mkononi. Na tukumbuke kwamba wakati ule wanachuo hao walipewa ufadhili wa masomo lakini hawakuruhusiwa kupata fedha kwa jina lao. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021. Waddle alikuwa anauweka rehani mguu ambao ulikuwa mali yake yote. Aprili 2021 Miami Dolphins walimchagua wa sita, na tunashukuru. Usiku wa fainali hakuna aliyejua kwamba ingekuwa hivyo.

Mwaka 2022 Ohio State walipitia upande wa pili wa jambo hili. Jaxon Smith-Njigba, aliyekuwa amepata yadi 347 katika mechi moja ya Rose Bowl tarehe 1 Januari mwaka huo, aliumia msuli wa nyuma ya paja katika mechi ya kwanza ya msimu. Alijaribu kurejea, akashindwa, akajaribu tena. Msimu mzima alidaka mipira mitano tu. Desemba alitangaza kwamba hatacheza tena, na baadhi ya watu wakamlaumu. Mimi simlaumu hata chembe. Wenzake Marvin Harrison Jr. na Emeka Egbuka walipita yadi elfu kila mmoja, na ushambuliaji haukufa. Katika nusu fainali dhidi ya Georgia waliingia robo ya mwisho wakiongoza 38 kwa 24. Harrison alikuwa ametolewa baada ya kugongwa kichwa, na katika robo hiyo walipata alama tatu tu, wakashindwa 42 kwa 41. Hakika Smith-Njigba mzima angefaa saa ile. Smith-Njigba mwenye paja bovu angekuwa mtu mwingine kabisa, na lawama nyingi ziliwachanganya hao wawili.

Nimemwandikia basi kijana wetu kwamba aende uwanjani mapema, wakati wa kupasha mwili moto, na amtazame huyo mpokeaji wao anapokata kona. Akiukanyaga mguu ulioumia kwa nguvu na kugeuka bila kupunguza mwendo, ana haki ya kufurahi. Akijivuta kabla ya kugeuka, ni heri aombe kocha amwache juma jingine, na yule aliyeshika nafasi yake aendelee. Mechi yao ni Jumamosi. Nimemsihi aniletee habari, si za mipira mingapi imedakwa, bali za mahali waliposimama walinzi wa nyuma.