Bomba la Chuma na Njia ya Kurejea

RAI YA IJUMAA
Na Athumani Mwinyikheri

Imeenea miongoni mwa wenye majumba dhana ya kwamba fundi wa umeme, akishapigilia rodi ya shaba ardhini na kuifunga waya wa kijani na njano, amekwisha kuitimiza haki yote ya ethi, na kwamba mabomba ya chuma yapitishayo nyaya katika karakana, maghala na nyumba za zamani yamesalimika kwa hilo. Muradi wa makala haya ni kubainisha kuwa rodi peke yake haitoshi, na kwamba bomba la chuma lisilofungamanishwa barabara ni la hatari kuliko la plastiki.

Tutazame hesabu. Waya wenye moto ukichunika ukagusa bomba lililounganishwa na rodi tu, na njia nzima ya udongoni ikawa na ukinzani wa omu 20, basi kwa volti 230 utapita mkondo wa ampea 11 na nusu, ambao breka ya ampea 32 itaupokea kama matumizi ya kawaida wala isikate. Na bomba litaendelea kukaa na sehemu kubwa ya volti hizo, likimngoja mtoto aliye pekupeku. Umeme hautafuti ardhi, hutafuta kurejea katika transfoma ulikotoka. Kwa hiyo bomba likiwa na njia ya metali ya kurejea kwenye chanzo, yenye ukinzani wa nusu omu mathalan, mkondo hufikia ampea 460, na breka hukata mara moja. Pale ambapo shirika la umeme halitoi njia hiyo, sharti iwekwe breka ya kuvuja umeme, ikatayo pindi zinapopotea miliampea 30.

Lakini njia hiyo ni mithili ya mnyororo: ikikatika pete moja, zilizobaki hazina kazi. Aghalabu rangi huachwa chini ya nati ya boksi, ikazuia chuma kushikana na chuma. Pwani, upepo wa chumvi hula viungo. Na mafundi wa matengenezo hukata kipande kilichooza wakatia cha plastiki, bila ya kuruka pengo kwa waya, ilhali chuma kilichoko mbele kimekwisha kutengwa, na hitilafu moja ikitokea huko itakipa umeme chote, tangu swichi hadi taa. Fauka ya hayo, mabomba ya maji nayo yapasa kufungwa pamoja na ethi kuu, ili mwenye kushika bomba la nyaya kwa mkono mmoja na mfereji kwa mwingine asiwe yeye ndiye daraja baina ya volti mbili.

Watasema wenye kubana matumizi kwamba haya ni gharama. Naam, lakini asiyeweza kulifunga bomba la chuma na aweke la plastiki, ambalo halisafirishi balaa kutoka chumba hadi chumba. Na anayechagua chuma, iwe kwa nguvu zake au kwa kuzuia panya, na amtake fundi apime ukinzani kutoka boksi la mwisho hadi ethi kuu, na auandike. Na mkaguzi asiidhinishe nyumba kwa kuiona rodi tu, bila ya kuuona upimaji huo.