Jogoo Mzuri na Binti Zake

Juma hili tutazame banda la kuku. Hutokea baba wa nyumba aone karibu nusu ya mitetea wake wamedumaa, hali majogoo, ndugu zao wa kiota kimoja, wamekua vema. Mara humkaripia mkewe: “Wewe wawanyima chakula!” Tusihukumu upesi. Chakula kikipunguka, huwapungukia wote.

Elimu ya urithi, ambayo mtawa Gregor Mendel aliifungulia mlango mwaka 1866, yatuonyesha sababu nyingine. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Mtetea ana Z moja na W moja. Kwa hiyo kila binti hupokea Z yake kwa baba peke yake. Mwana wa kiume hupokea moja kwa baba na moja kwa mama.

Mwaka 1959 mtaalamu F. B. Hutt wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza habari za jeni ya udogo ikaayo katika Z. Mtetea aliye nayo hupungukiwa karibu theluthi ya uzito wake. Lakini jogoo aliye nayo katika Z moja tu huonekana mzima, kwa maana Z ya pili huuficha upungufu ule. Hata hivyo huwarithisha nusu ya binti zake, nao hawana Z ya pili ya kuwasaidia. Ndivyo baba mwenye umbo zuri awezavyo kuzaa mabinti wadogo.

Tufanyeje basi? Tupime. Tufunge uzi mguuni mwa kila kifaranga, rangi moja kwa watoto wa mama mmoja. Wakifikia umri mmoja, tuwapime mitetea peke yao na majogoo peke yao, kwani jogoo kwa kawaida humzidi mtetea uzito. Tukiwachanganya, hesabu itatudanganya. Wakiwa wadogo wote, tutafute kosa katika chakula, minyoo au ugonjwa. Lakini ikiwa, kizazi baada ya kizazi, karibu nusu ya mitetea wa kila mama aliye mkubwa hudumaa, na kaka zao ni wazima, tubadilishe jogoo. Wala mtetea mdogo si wa kutupwa: hula kidogo, na mayai hutaga.

Enyi akina baba, mizani haina upendeleo. Tuiulize kwanza, kabla ya kumtwika mama wa nyumba lawama isiyo yake.